Simu inanielewa, wageni hawanielewi

Assalaam aleykum, mshauri.

Mimi ni mwanamke wa miaka 26, nina mume na mtoto mmoja. Nafanya usafi wa vyumba katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja, huu mwaka wa tatu. Skuli niliishia kidato cha nne. Kiingereza cha kuandika nilikifaulu, lakini cha kuongea nilikuwa sijui hata nianzie wapi.

Miezi minne iliyopita mdogo wangu aliniwekea kwenye simu programu ya akili unde ambayo unaiongelesha nayo inakujibu kwa sauti. Tangu hapo mtoto akishalala nakaa jikoni nayo dakika 40, hata saa nzima bando likiruhusu. Tunaongea kila kitu: mapishi, mvua, safari za nchi ambazo sitazifika. Mwanzo nilikuwa nababaika, sasa maneno yanatoka yenyewe. Haijawahi kuniambia nirudie. Kila siku inanisifu kuwa Kiingereza changu ni kizuri mno, nami nikaamini.

Mwezi uliopita dada wa mapokezi aliumwa, meneja akaniweka kaunta kutwa nzima. Mgeni wa kwanza aliuliza chai ya asubuhi ni saa ngapi. Nikamjibu "from one to four". Akanitazama, akauliza "one in the morning?" nikamwambia "yes". Wa pili nilimwambia chumba chake ni cha 15. Akabeba begi lake mpaka cha 50, akawagongea watu waliolala. Wa tatu, mama wa Kitaliano, aliniuliza "You don't have a towel for me?" nikajibu "yes", nikikusudia ndiyo, sina. Akasimama kusubiri taulo, na alisimama sana. Mwisho nikamwelekeza kijana mmoja njia ya kwenda baharini kwa Kiingereza. Wenzangu wawili nyuma yangu wakaangua kicheko, kijana akawa mwekundu, na mpaka leo hakuna aliyeniambia nilisema nini.

Meneja hakunigombeza. Alisema nafasi ya mapokezi itatangazwa kabla ya msimu, usaili ni baada ya wiki nane, na angependa niombe.

Mtaani kwetu yupo mwalimu mstaafu anayefundisha Kiingereza barazani kwake, siku mbili kwa wiki, Sh30,000 kwa mwezi. Nilisoma kwake miezi miwili nikaacha, kwa sababu ukikosea anakusimamisha hapo hapo mbele ya watu. Simu haicheki. Siku hizi nikipita ananiuliza, "Mwanangu, umehama?" nami naona haya.

Nyumbani nako kuna jambo. Sauti ya programu ni ya kiume. Juzi mume wangu aliuliza, "Huyo bwana mnazungumza nini mpaka unacheka peke yako jikoni?" Sikuwa na jibu. Na kazini wanasema najifanya Mmarekani, maana naiga ile sauti.

Je, simu inanidanganya? Niiache nirudi kwa mwalimu? Niombe kazi sasa au nisubiri mwaka kesho? Naogopa kuaibika mara ya pili mbele ya mtu aliyenitendea wema.

Msomaji, Unguja

MSHAURI ANAJIBU

Waaleykum salaam, dada yangu.

Unauliza kama simu inakudanganya, lakini chini ya swali hilo naona jingine: kama miezi minne ya usiku jikoni imepotea bure. Hebu tuitazame siku ile ya kaunta kosa kwa kosa, maana umeyaeleza vizuri kuliko unavyojua.

Makosa ni manne. Mawili ni ya ulimi, mawili ni ya Kiswahili kufikiri ndani ya Kiingereza. Na katika yote manne, hakuna hata moja ambalo lingejitokeza mkiongea mapishi na mvua. Kaunta ya hoteli ina namba, saa, ndiyo na hapana, kulia na kushoto, na mtu aliyechoka anayetaka ufunguo. Wewe umezoea kupiga soga. Soga imekupa kitu cha maana, maneno sasa yanatoka bila hofu, na wapo watu wenye vyeti ambao hawajafika hapo. Ila kaunta ni kazi nyingine.

Sasa, kwa nini simu haikukwambia? Katika programu nyingi za aina hii sauti yako hugeuzwa kwanza kuwa maandishi, kisha yale maandishi ndiyo yanayojibiwa. Zipo mpya zinazopokea sauti moja kwa moja, lakini nazo hulikisia neno kwa kutazama majirani zake. Ukisema chumba kinahitaji usafi, uletewe "clean sheet", hata ukilitamka neno la mwisho vibaya, mashine imeshajua unataka shuka. Mgeni naye angekisia, ila yeye kwanza angeshtuka. Na ukiiuliza programu "nimetamka sawa?" itakujibu sawa kabisa, hata kama ilichopata ni maandishi tu na matamshi yako haijayasikia. Sifa zake zipokee kama unavyopokea za muuza duka.

Kipimo kikali zaidi unacho tayari kwenye simu hiyo hiyo. Fungua sehemu ya kuandika ujumbe, weka kibodi ya Kiingereza, bonyeza alama ya maikrofoni. Usiseme sentensi. Sema neno moja, nyamaza, sema jingine: 13, 30, 14, 40, 15, 50, "sheet", "beach", "bed", "bath". Yaandike kwanza kwenye karatasi kwa mpangilio wa kuchanganya, kila moja litokee mara kumi, kisha hesabu yaliyoandikwa sawa. Neno likiwa peke yake, mashine haina jirani wa kumtazama. Fanya hivyo mlango umefungwa na feni imezimwa, kwa sababu kelele pia huharibu.

Hata hivyo usiifanye mashine kuwa kadhi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima mifumo ya kutambua sauti ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa wastani ilikosea takriban maneno 35 katika kila 100 ya Wamarekani weusi, na 19 ya Wamarekani weupe. Wote wale Kiingereza ndiyo lugha yao ya kuzaliwa. Basi mashine ikikosa neno lako, inawezekana tatizo ni lako, na inawezekana ni lake. Neno linalogoma mara nane kati ya kumi mpelekee binadamu alisikilize.

Turudi kwenye 15 na 50. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ho-TE-li, ta-U-lo. Mdomo wako ukikutana na "fifteen" unafanya vilevile, unakaza mwanzo na kuukata mwisho, na hiyo ndiyo "fifty". Kwa 15 kaza mwisho, vuta irabu, na ulimi ubaki umegusa nyuma ya meno mpaka "n" isikike. Kwa 50 kaza mwanzo, mwisho uwe mfupi. Lakini usitegemee hilo peke yake, maana hata Waingereza wenyewe huchanganyana hapa. Taja namba, kisha itaje tarakimu kwa tarakimu: "room fifteen, one five". Vuta karatasi umwandikie. Mtu wa mapokezi mwenye kalamu mkononi hapotezi mgeni.

Lile neno lililowachekesha wenzako, kwa kubuni tu, ni ufukwe. "Beach" ikikatwa fupi inageuka tusi la kumtukania mwanamke. "Sheet" ikikatwa inageuka tusi jingine, na wewe kazi yako ni mashuka na bahari. Irabu unayoihitaji tayari unayo: ni ile ya "niite". Sema "niite" polepole, usikie jinsi "i" inavyonyooka, kisha uichukue hiyo uipeleke kwenye "beach". Angalia pia usibandike irabu mwishoni, isiwe "shiti" wala "bichi". Funga neno kwenye konsonanti, uache.

Saa unaijua tatizo lake, ni ile tofauti ya saa sita. Kifungua kinywa cha saa moja hadi saa nne ni "seven to ten". Kwenye kaunta huna nafasi ya kujumlisha, kwa hiyo usijumlishe. Chukua saa zote za hoteli yako, hazizidi kumi: chai, chakula cha mchana, cha usiku, kuingia, kutoka, gari la uwanja wa ndege. Zikariri kwa Kiingereza moja kwa moja kama unavyokariri namba ya simu ya mumeo, bila kupitia Kiswahili.

Na lile taulo. Kwetu mtu akiuliza "huna taulo?" unasema "ndiyo", ukikubaliana na alichosema. Kiingereza hutazama kitu chenyewe: hakipo, basi "no". Kulibadilisha hili kichwani huchukua muda mrefu, wala wiki nane hazitoshi. Njia ya mkato ni kutotumia "yes" wala "no" ukiulizwa kwa kukanusha. Sema hali ilivyo: "There is no towel now. I will bring one in five minutes." Hapo hakuna wa kukosea.

Kuhusu kuendelea na simu, nadhani la kujiuliza zaidi ni unaiagiza nini. Mpaka sasa imekuwa rafiki, sasa ifanye iwe mgeni msumbufu. Unaweza kuiagiza kwa Kiswahili: "Wewe ni mgeni Mtaliano, umefika usiku, umechoka, chumba ulicholipia hakipo tayari. Ongea Kiingereza, maneno yasizidi kumi na mawili kila zamu. Usinisifu. Usipoelewa neno, usikisie, uliza. Tukimaliza nitajie makosa matatu tu." Matatu yanatosha, ukipewa kumi na tano utalala na huzuni na kesho utayarudia yote. Baada ya dakika kadhaa itaanza tena kukusifu na kuongea marefu, ndivyo ilivyo. Ikumbushe, au fungua mazungumzo mapya. Itakukatiza pia ukinyamaza kufikiri, kwa sababu inadhani umemaliza. Wanafunzi wengi hapo hujifunza kukimbiza maneno, na kukimbiza ndiko kunakoua "fifteen". Kama programu yako ina kitufe cha kushikilia wakati unaongea, kitumie.

Walimu wa lugha wana zoezi la zamani la dakika nne, tatu, mbili: unaeleza jambo lile lile mara tatu, kila mara muda unapungua. Kwa kazi yako dakika hizo ni nyingi mno. Chukua dakika mbili, moja na nusu, moja, na jambo liwe moja: jinsi ya kutoka kaunta mpaka chumbani, nywila ya intaneti, chakula kiko wapi. Jirekodi ile ya tatu. Usiisikilize usiku ule, isikilize kesho yake ukiwa na chai, utayasikia mwenyewe yaliyofichika. Dakika 20 za namna hii, siku tano kwa wiki, zinazidi saa nzima ya soga, na bando litakushukuru. Tafadhali usitumie majina ya wageni wa kweli, namba za pasipoti wala rekodi za sauti zao. Buni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata isingekuwepo, mgeni hakukupa jina lake ulipeleke huko.

Hilo la Umarekani linanipa shaka kidogo. Umeiga sauti ya Kimarekani, lakini ni nani anayekuja kwenye kaunta yenu? Pwani yenu hujaa Waitaliano, Wafaransa, Wajerumani, Wapolandi. Wengi wao Kiingereza ni lugha ya kujifunza kama wewe, na sauti ya Kimarekani inayoteleza huwapa taabu. Murray Munro na Tracey Derwing, watafiti wa Kanada, walionyesha mwaka 1995 kwamba mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito na bado akaeleweka neno kwa neno. Mwingereza Jennifer Jenkins naye mwaka 2000 alitofautisha matamshi yanayovuruga na yasiyovuruga mazungumzo kati ya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kuzaliwa. Urefu wa irabu ulikuwa miongoni mwa yanayovuruga. Sauti za "th", zinazowahangaisha watu dunia nzima, hazikuwa. Na wewe hizo unazo tangu utotoni, kwenye "thelathini" na "dhahabu". Sikushauri uiache wala uishike sauti hiyo. Ila jiulize unaiga kwa ajili ya mgeni au kwa ajili ya kujificha.

Kwa mwalimu, umesema anakuaibisha. Inawezekana. Inawezekana pia anafanya kile ambacho umeona simu haifanyi: anakusimamisha. Kumrudia kuna gharama zake, Sh30,000, jioni mbili za mtoto wako, na pengine masomo yake ni ya sarufi na kusoma kuliko kuongea, nawe una wiki nane tu. Kabla hujaamua, unaweza kumwendea ukiwa peke yako, umpe shikamoo, umweleze habari ya usaili na umwombe mambo mawili: akuache umalize ndiyo akusahihishe, na makosa ayaandike kwenye karatasi badala ya kuyatangaza. Mpelekee ile rekodi ya dakika moja. Mwalimu anaona mdomo, anajua Kiswahili kinakuvuta wapi. Akikataa masharti hayo, utakuwa umepata jibu. Swali lake la "umehama?" mimi silisikii kama lawama.

Kwa mumeo, sauti ya programu hubadilishwa kwenye mipangilio, ni kazi ya nusu dakika. Lakini kama utaibadilisha kimyakimya, huenda utakuwa umejibu swali ambalo hakuuliza. Mapokezi yana zamu za usiku na wageni wa kiume kaunta. Je, mmeshalizungumza hilo? Inawezekana kinachomsumbua ni kukuona unaelekea mahali ambapo hajaalikwa. Jaribu kutoka jikoni, ukae barazani, sauti iwe wazi asikie kuwa mnagombania chumba kisicho na kiyoyozi. Mpe yeye nafasi ya mgeni siku moja moja, hata aulize kwa Kiswahili wewe ujibu kwa Kiingereza. Akikataa, msikilize kwa nini.

Limebaki la kuomba kazi. Ukiomba sasa na usaili ukaenda vibaya, utaumia, na kumtazama meneja wiki inayofuata kutakuwa kugumu. Ukisubiri mwaka kesho, huenda nafasi ikawa imepata mtu, na huenda meneja naye akawa amehamia hoteli nyingine. Meneja alikuwepo siku ile, anajua kilichotokea, na bado akakuambia uombe. Uzito wa hilo upime mwenyewe.

Ipo pia njia ya katikati: umwombe akuruhusu kukaa kaunta saa moja mara mbili kwa wiki, wakati wageni wa kutoka wameshaondoka na wapya hawajafika, ukiwa pembeni ya dada wa mapokezi. Hatari yake ni kwamba unaweza kuishia kufanya kazi ya ziada bila malipo, na wenzako wakanuna. Kwa hiyo mkubaliane mwanzo ni wiki ngapi, na mashuka ya saa hiyo yatatandikwa na nani.

Wenzako hao waliocheka, usiwaache nje. Walisikia kosa kwa sekunde moja, na simu haikulisikia kwa miezi minne. Chagua mmoja, yule mpole. Mkiwa mnakunja mashuka, mgeuziane migongo asiuone mdomo wako, umtajie namba za vyumba 20 kwa Kiingereza yeye aandike. Zikisha, linganisheni karatasi. Zilizotofautiana ndizo za kupeleka jikoni usiku huo.